Seliaki: usiache mkate kabla ya kupimwa, na mengine yote ninayoulizwa

Kila wiki maswali ni yale yale. "Yaya (dada), nikila mkate tumbo linajaa kama ngoma, niuache?" "Mtoto wangu anaharisha haachi, inaweza kuwa seliaki?" "Na bukari (ugali) je, ina gluteni?" Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp zinazokatika umeme ukienda, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Mimi si munganga, yaani daktari. Ni mama wa Lubumbashi, Kongo, mwenye ugonjwa huu. Nilipita njia yote ya vipimo, nikakosea pale ambapo wengi hukosea, na sasa ni mwaka wa sita sigusi ngano.

Kama una haraka, jibu la swali la kwanza ni hili: usiache mkate. Bado. Sababu iko kwenye hatua ya 2.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi

Ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni inageuka na kuupiga utumbo mwembamba wa mwenyewe. Ndani ya utumbo huo mna vijidole vidogo mno vinavyonyonya chakula. Vikipigwa muda mrefu vinalala kama majani yaliyokanyagwa, na chakula kinapita tu. Ndiyo maana mtu anakula sahani imejaa na bado anakonda, damu inapungua, mifupa inadhoofika, au mtoto harefuki. Wengine hawaharishi hata siku moja: wana upungufu wa damu usiosikia dawa ya chuma, au vidonda vya mdomoni vinavyorudi, au mimba zinazotoka, au vipele vya kuwasha kwenye viwiko, magoti na makalio.

Si aleji wala sumu, na hauambukizi. Unatembea katika ukoo: ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa, yaani mzazi, mtoto, kaka au dada, ana nafasi kama 1 kati ya 10. Na anayekuambia ni ugonjwa wa wazungu, mwambie kwamba kati ya watu wote waliopimwa duniani, walioonekana nao kwa wingi zaidi ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika: zaidi ya watoto 5 kwa kila 100.

Andaa haya kabla hujaanza

- Daftari. Andika unachokula, choo kilivyo, na uzito wako kila Jumapili.
- Karatasi zote za vipimo vya zamani, hata zile za damu pungufu za miaka mitatu iliyopita.
- Kikaratasi kilichoandikwa "antitransglutaminazi IgA (tTG-IgA) pamoja na IgA jumla". Mpe munganga hicho badala ya kumwambia "nataka kipimo cha gluteni".
- Bei. Uliza kabla ya kutoa mkono wachome sindano. Labo nyingi ndogo hazina kipimo hiki. Nyingine zinachukua damu na kuituma nje ya nchi. Uliza inatumwa wapi, majibu yanachukua siku ngapi, na kama bei uliyotajiwa ni ya vipimo vyote viwili.
- Mkate. Ndiyo, mkate.

Hatua

1. Fukuza kwanza wezi wa karibu. Hapa kwetu kuharisha kwa muda mrefu na kukonda kuna sababu nyingi zilizo za kawaida kuliko seliaki: giardia, amiba, minyoo, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu cha tumbo. Pima choo, pima damu, tibiwa kinachoonekana. Ukipona, umemaliza, funga ukurasa huu. Usipopona, au kama damu yako haipandi baada ya miezi ya vidonge vya chuma, endelea. Na kama kuna damu kwenye choo, homa isiyoisha, au mtoto mdogo analegea na kukataa kunywa, hayo hayangoji mwongozo wa mtandaoni. Nenda hospitali leo.

2. Endelea kula ngano mpaka vipimo viishe. Kipimo cha damu kinatafuta askari ambao mwili unawatuma kupigana na utumbo. Ukiacha ngano, askari wanarudi kambini, kipimo kinasema "hakuna kitu", na kumbe ugonjwa upo.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Shemeji yangu alisoma kitu kwenye simu, akaniambia acha mkate. Nikaacha miezi minne, nikapata nafuu kweli, nikaenda kupima kwa furaha. Majibu: sina. Munganga mwingine aliposikia historia yangu akaweka kalamu chini. "Mama, ulikuja kupiga picha ya mwizi wakati ameshatoka nyumbani." Ikabidi nianze upya, ngano katika milo zaidi ya mmoja kila siku, kwa wiki 6. Nusu mkate asubuhi na chai, spageti au vitumbua vya ngano jioni. Wiki ya kwanza nililala chooni. Mama mkwe alikuwa ananitazama namega mkate huku machozi yananitoka, akauliza ni nadhiri gani hii. Wiki ya saba damu ikachukuliwa tena, na safari hii namba zilikuwa juu mno.

Kwa hiyo: kama hujaacha, usiache. Kama umeshaacha, mwambie munganga tangu lini, naye akupangie namna ya kurudia kwa kipindi. Usijipangie mwenyewe kama umekonda sana, una mimba, au mgonjwa ni mtoto.

3. Pima damu, vipimo viwili kwa pamoja. tTG-IgA ndicho kipimo chenyewe. IgA jumla ni cha kuhakikisha cha kwanza hakidanganyi: wagonjwa 2 au 3 kati ya 100 wa seliaki mwili wao hautengenezi IgA (aina moja ya askari hao) ya kutosha, na kwao tTG-IgA itatoka safi hata utumbo ukiwa umeharibika. IgA jumla ikiwa chini sana, omba vipimo vya IgG, askari wa aina nyingine.

Kuna pia kipimo cha jeni, HLA-DQ2 na HLA-DQ8. Watu wengi wazima kabisa wanazo jeni hizo, hivyo kuwa nazo si ugonjwa. Faida yake iko upande wa pili: usipokuwa na yoyote, seliaki karibu inafutwa moja kwa moja. Ni kipimo cha bei, usikimbilie.

Jihadhari na wauzaji wa vipimo vya "chakula kisichokupenda" kwa tone la damu au unywele. Utarudi na orodha ya vyakula 40 vya kuacha, na seliaki bado hujaipima.

4. Fibroskopi. Damu ikionyesha dalili, mtu mzima kwa kawaida anapelekwa kuingiziwa mrija wenye kamera mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Hospitali kubwa za mji, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, ndipo pa kuanzia kuuliza. Haichukui muda mrefu. Inachefua, haiumi kama watu wanavyosimulia. Kabla hujalala kitandani, uliza swali moja: "Dokta, mtachukua vipande vingapi?" Jibu zuri ni visivyopungua 4 kutoka duodeno (huo mwanzo wa utumbo mwembamba), na kimoja au viwili kutoka pale inapoanzia. Madoa ya ugonjwa yanarukaruka, na kipande kimoja kinaweza kuangukia mahali pazima. Ukiambiwa tu "tumeangalia, tumboni ni pazuri", bila kipande kupelekwa chini ya hadubini, bado hujapimwa.

Kwa watoto, namba za tTG-IgA zikiwa zaidi ya mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida na kipimo cha pili cha damu kikathibitisha, munganga wa watoto anaweza kuamua bila mrija. Huo ni uamuzi wake. Na kumbuka kwamba vijidole vilivyolala havimaanishi seliaki peke yake. Giardia na maambukizi mengine hufanya hivyo pia, ndiyo maana damu na vipande husomwa pamoja.

5. Sasa acha gluteni. Yote, na kwa maisha. Hakuna kidonge. Dawa ni chakula, na hapa ndipo ninapowapa watu habari njema: sisi watu wa bukari tuna bahati. Mzungu akiambiwa aache ngano, meza yake inabaki tupu. Yetu inatikisika kidogo tu.

Salama kwa asili: mahindi, muhogo, mchele, mtama, ulezi, viazi vya aina zote, ndizi, maharagi, karanga, soya, mayai, maziwa, nyama, samaki wabichi na wakavu, kapenta (dagaa), sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha), matembele, uyoga, matunda. Kikanda pia, kikiwa ni mizizi na karanga tu. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ruksa. Uji wa masoso ni mahindi, soya na mtama, lakini soma mfuko, kwa sababu wapo wanaochanganya ngano ndani.

Marufuku: mkate, keki, biskuti, chapati, spageti, makaroni, sambusa, vitumbua. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar atashangaa, maana kwake kitumbua ni mchele. Huku kwetu kitumbua ni farini (unga wa ngano), hakuna mjadala. Semule (unga wa chembechembe) uliza kila mara: iko ya mahindi na iko ya ngano, na ndani ya mfuko zinafanana. Bia ya chupa kwa kawaida hupikwa kwa mote (malt) wa shayiri, iwe Simba, iwe iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Wababa wengi hunikatalia hapo. "Hata moja?" Hata moja.

Kwenye makopo na pakiti, tafuta maneno haya: kwa Kifaransa "blé", "froment", "orge", "seigle", "malt", "épeautre", kwa vitu vya Afrika Kusini na Zambia, "wheat", "barley", "rye". Kyubu za supu, sosi ya soya, sosisi na mchuzi wa unga ndimo ngano hupenda kujificha. Pakiti iliyoandikwa "sans gluten" kwa kanuni za kimataifa haipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Oti zenyewe si ngano, ila karibu kila mara zimechanganyika nayo njiani, kwa hiyo mwaka wa kwanza ziache.

6. Angalia mulini, yaani mashine ya kusaga. Hili hakuna daktari aliyeniambia. Unga wa mahindi wa dukani uliofungwa una hatari ndogo. Lakini ukipeleka muhogo wako kwenye mulini wa mtaani, mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani inakupa ngano pia. Vumbi lile jeupe kwenye mdomo wa mashine linaingia kwenye ndoo yako. Nenda asubuhi mapema kabla ya wengine, uliza kilichosagwa jana jioni, na kilo ya kwanza inayotoka wape kuku. Mwenye mulini wangu alikuwa ananicheka. Sasa akiniona anapiga mashine kofi mara mbili ili vumbi lidondoke kabla sijafungua mfuko.

Kiasi gani kinadhuru? Majaribio yalionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi, zinaumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya zaidi ya gramu moja. Fanya hesabu: ni chembe zinazobaki mezani baada ya mtu mwingine kula.

7. Tenganisha jikoni. Huhitaji jiko jipya. Unahitaji mwiko wako, kichujio chako, na kinu au ubao wako, kwa sababu mti na mashimo hushika unga. Masufuria ya chuma yakioshwa vizuri kwa sabuni yanatosha. Mafuta yaliyokaanga vitumbua usiyatumie kwa samaki wako. Pika chakula chako kwanza, cha ngano baadaye. Nyumbani kwangu mwiko wangu una uzi mwekundu kwenye mpini, na hata mtoto wa miaka minne anajua "ule ni wa mama".

8. Kula nje, misiba na ndoa. Kwenye malewa (migahawa ya mtaani), bukari na sombe ni rafiki. Samaki wa kukaanga ndiye wa kuuliza: "Mama, hii samaki ulipitisha mu farini mbele ya kukaanga?" Uliza kwa upole, ukitabasamu, maana mama anaweza kufikiri unadharau mkono wake. Mimi huongeza, "Apana kunikasirikia mama, ni ugonjwa wa munganga." Michopo (nyama choma) ya chumvi na pilipili kwa kawaida iko sawa. Iliyolowekwa kwenye sosi, iache. Kwenye matanga kula nyumbani kabla, kisha ukifika chukua maharagi kidogo mkononi ili watu waone sahani yako haiko tupu. Hakuna anayechunguza sahani yenye kitu.

9. Komunyo. Wakatoliki wananiuliza hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni dhambi kuuliza. Hostia ni ngano. Roma iliandika mwaka 2003 na kurudia mwaka 2017: hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa misa, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na mlei asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea kwa divai peke yake. Hakuna anayekufukuza. Zungumza na mupe (padri) kabla ya misa, si kwenye mstari, na umwombe kikombe kidogo cha pembeni, kwa sababu kwenye kikombe kikuu padri hudondosha kipande cha hostia. Mupe wangu alihitaji Jumapili mbili kuzoea. Ya tatu kikombe kilikuwa tayari kabla sijafika.

10. Rudi kupimwa. Rudia tTG-IgA baada ya miezi 6, kisha mwaka, kisha kila mwaka. Namba zinashuka polepole, wengine huchukua hadi miaka miwili. Mwanzoni pima pia damu, chuma, asidi ya foliki, vitamini B12 na vitamini D. Kapenta wanaoliwa na mifupa yao wanakupa kalsiamu bila gharama. Vidonge vya chuma usivimeze na chai, chai inavizuia. Na wapeleke watoto na ndugu zako kupima, hata asiyelalamika.

Mambo yakikwama

*Nimeacha wiki tatu, bado naharisha.* Mapema mno kukata tamaa. Lakini punguza maziwa kwa miezi michache: utumbo uliochubuka hauna nguvu ya kuyameng'enya, nguvu hiyo hurudi.

*Mwaka umepita, namba hazishuki.* Kuna ngano inaingia. Kwa watu niliowasaidia, wakosaji walikuwa hawa, kwa mpangilio: kyubu za supu, mulini, mafuta ya vitumbua, na bia "ya Jumamosi tu". Pitia daftari.

*Namba zimeshuka lakini nakonda, au nilipona kwa miaka na sasa narudi chini.* Rudi kwa munganga haraka. Inaweza kuwa giardia mpya, inaweza kuwa kitu kikubwa zaidi cha utumbo ambacho hutokea mara chache.

*Nimefungwa choo tangu niache mkate.* Unakula mchele na bukari nyeupe tupu. Ongeza maharagi, majani, na maji.

*Nilikula kwa bahati mbaya.* Kunywa maji, pumzika, endelea kesho. Hakuna dawa ya kusafisha, usinunue ya famasi yoyote inayodai hivyo.

*Dawa zangu nyingine je?* Vidonge vichache hutumia wanga wa ngano. Mwonyeshe mtu wa famasi karatasi ya ndani ya dawa, lakini usiache dawa kwa kuogopa.

*Mtoto analilia vitumbua.* Ponda ndizi tatu zilizoiva mpaka ganda jeusi. Tia nusu kikombe cha unga laini wa mahindi, nusu kikombe cha unga wa muhogo, chumvi kidogo, na maji vijiko viwili vitatu kama ni vizito. Acha dakika kumi. Chota kwa kijiko, kaanga kwa mafuta mapya, moto wa kati, kwa sababu sukari ya ndizi inaungua haraka nje na ndani kukabaki kubichi. Vikitawanyika kwenye mafuta, muhogo umepungua. Ongeza kijiko kimoja, ujaribu kimoja kwanza.